Muuza Samaki wa Tangshan

Baoding, Alhamisi, 25 Februari 2010

Mpwa wangu Ruolan,

Natumaini wewe, Joris na binti yenu ni wazima, na kwamba majira ya baridi ya Brussels hayajawakausha ngozi kama haya ya kwetu. Mwaka mpya tuliupokea kimya kimya. Mama yako alikuja na mitungi miwili ya kabichi ya kuchachusha, akaniambia nimekonda, nikamwambia yeye amenenepa, tukawa hatudaiani. Peiru hayupo nyumbani ninapoandika. Leo ni Alhamisi, na Alhamisi mke wangu ana safari yake.

Barua hii ataileta Bi Gu, yule muuza vifungo anayekuja kwenu kila baada ya miezi michache. Simu siitaki. Nilipozungumza na mama yako wiki iliyopita tulisikia mtu wa tatu akikohoa, na mama yako akamwambia anywe maji ya tangawizi.

Zhiheng alichukuliwa tarehe kumi na mbili Novemba. Unamjua binamu yako, hana siasa. Ni mwalimu wa kemia. Alipima maji ya visima karibu na kiwanda cha rangi za nguo, kisha akabandika majibu kwenye ubao wa shule kama anavyobandika matokeo ya mtihani. Basi. Miezi mitatu sasa hatujaonyeshwa karatasi ya mashtaka wala kuambiwa rasmi yuko wapi.

Wewe ni mkalimani wa hao wakubwa wa Ulaya wanaokaa mezani na wakubwa wetu kuzungumzia haki za binadamu. Nasikia kila kikao hupelekwa orodha ya majina ya watu waliofungwa, na kila jina sharti lijibiwe. Naomba jina la mwanangu liwemo. Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipokufundisha kushika kalamu.

Nimeliandika hapa chini kwa maandishi yetu, kubwa na safi. Waeleze waajiri wako hivi: ukoo wetu ni Lü, ile ya midomo miwili, mraba juu ya mraba. Kwa herufi zao lazima u iwe na vidoti viwili juu. Bila vidoti ni Lu, ukoo mwingine kabisa, watu tusiojuana nao.

Mjomba wako,
Lü Jingshu


Brussels, 9 Mei 2010

Mjomba,

Shikamoo wewe na mkaza mjomba Peiru. Sisi ni wazima. Binti yetu Anneke ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatamka Kichina kama mzee wa miaka tisini. Joris anawasalimu. Amejifunza kupika maandazi ya mvuke, ingawa yake yanaweza kuvunja dirisha.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni na koti langu mwilini. Sitaandika nilivyolia, kwa sababu utanisahihisha.

Jina limeingia. Lilikwenda kwa karani, kwa mkubwa wake, kwa mwanasheria, likarudi kwa karani. Zhiheng ni namba kumi na saba kati ya arobaini na moja. Kikao ni mwishoni mwa Juni, hapa hapa. Mkuu wa ujumbe wetu huyasoma majina yote kwa sauti, na upande wa Beijing hujibu moja moja.

Nivumilie, mjomba. Ukiuliza kama nitakuwemo chumbani, sisi wakalimani hupangwa siku mbili kabla.

Mkaza mjomba huenda wapi Alhamisi?

Wako,
Ruolan


Baoding, 10 Julai 2010

Mpwa wangu Ruolan,

Nakutakia afya, wewe na nyumba yako. Hapa ni joto, na jirani yetu Lao Tan amehamishia kitanda chake ukumbini, anakoroma mbele ya mlango wetu kama mlinzi. Labda ni mlinzi kweli, siku hizi sijui. Mwambie Anneke meno yatarudi, yangu ndiyo hayarudi.

Kikao kimepita. Nimesoma gazetini mistari sita. Wanasema mazungumzo yalikuwa ya wazi, ya kina na ya kujenga, na pande zote mbili zimekubaliana kuendelea kuzungumza.

Nimefundisha lugha miaka thelathini na nane, kwa hiyo nikakaa nayo mistari hiyo kama mtihani wa mwanafunzi mvivu. Ya wazi maana yake walipishana. Ya kina maana yake walichelewa kumaliza. Ya kujenga, nadhani, maana yake chakula kilikuwa kizuri. Na kukubaliana kuendelea kuzungumza ni kwamba hakuna aliyefanya chochote, ila tiketi za ndege za mwakani zimeshapatikana. Nililikunja gazeti, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Namba kumi na saba ilijibiwaje?

Mjomba wako


Brussels, 1 Agosti 2010

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba, ambaye bado hujaniambia huenda wapi. Sisi ni wazima. Mvua tu.

Jibu lilikuja. Nimeanza barua hii mara nne.

Karani wetu alipochapa orodha aliondoa maandishi ya Kichina, kwa sababu mashine ya kuchapia iliyageuza kuwa visanduku vitupu. Halafu aliona vidoti viwili juu ya u, akadhani ni uchafu uliotoka kwenye barua yangu. Akavifuta. Ni kijana mwema, mjomba. Alifuta kwa heshima, ili karatasi ipendeze.

Basi lilisomwa jina la Lu Zhiheng.

Upande wa Beijing wakafungua faili, wakajibu kwa adabu kwamba wamemtafuta raia huyo kwa bidii kubwa. Katika mkoa mzima wamewapata wawili. Mmoja ni mtoto wa miaka minne. Wa pili ni muuza samaki wa Tangshan. Muuza samaki huyo yuko huru, afya yake ni nzuri, anafurahia haki zote za raia, na anawashukuru marafiki wa Ulaya kwa kumjali. Hata picha yake walikuwa nayo. Ameshika samaki.

Mkuu wa ujumbe wetu akasema, "Tunapokea taarifa hii kwa shukrani."

Pembeni ya namba kumi na saba wameweka alama ya vema. Kwenye ripoti imeandikwa: limetatuliwa. Kwa hiyo kwenye kikao cha Novemba namba ya Zhiheng haitasomwa tena.

Nisamehe,
Ruolan


Baoding, 29 Agosti 2010

Mpwa wangu,

Sisi ni wazima. Salamu nyingine zitangoja, kwa sababu tangu Bi Gu aliponiletea barua yako siwazi kingine.

Nikueleze kinachonichefua. Si uongo. Uongo nimeuzoea, nimeuishi tangu nikiwa kijana, una harufu yake na mtu huuepa. Hapa hakuna aliyesema uongo. Lu Zhiheng hajafungwa, ni kweli. Anauza samaki, ni kweli. Watu wetu walijua tangu mstari wa kwanza ni nani anayeulizwa. Ni wao wanaompa uji asubuhi. Wakaliona kosa la kuchapa, wakaingia nalo kama mtu anayepita kwenye tundu la ua. Na watu wenu walijua kwamba jibu la namna hiyo haliwezi kuwa jibu. Mwalimu aliyefungwa hageuki muuza samaki. Lakini alama ya vema ni tamu. Mmoja akatema, mwingine akapokea mkononi akasema asante. Ndicho wanachokiita mazungumzo.

Umeuliza mara mbili Peiru huenda wapi Alhamisi. Huenda kwenye lango la mahabusu ya kaskazini ya mji. Tangu wiki ya tano baada ya Zhiheng kuchukuliwa anapeleka nguo na dawa. Siku ya kwanza askari wa dirishani alimwambia, "Mama, mtu wako hayupo hapa."

Peiru akamwambia, "Sawa, mwanangu. Basi mpe hili koti huyo asiyekuwepo. Ana kifua kibovu."

Akalipokea. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akaandika risiti: koti la pamba moja, bluu, la Lü Zhiheng, tarehe 17 Desemba 2009, mhuri. Lü ya midomo miwili, Ruolan, imeandikwa bila kosa na askari wa dirishani.

Risiti hiyo nakutumia pamoja na barua hii. Sina nyingine, baada ya siku ile hawakuandika tena. Iweke mezani mbele yao.

Na swali moja. Unasema "lilisomwa jina". Ukiwa mdogo nilikukata maksi kwa sentensi zisizo na mtendaji. Mkuu wenu hajui Kichina. Aliyelitamka kwa Kichina ni nani?

Mjomba wako


Brussels, 3 Oktoba 2010

Mjomba,

Shikamoo kwenu nyote wawili. Nimembusu mkaza mjomba kwenye risiti, pale alipotia alama ya kidole chake.

Risiti nilimpelekea mkuu wa ujumbe mwenyewe. Ni mtu mpole, ana nywele nyeupe, hufuga nyuki. Aliigeuzageuza akasema, "Hii ni nzito sana, Ruolan."

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ndiyo maana nimekuletea."

"Nina maana ni nzito kwa meza ile. Ukiwatolea karatasi yao wenyewe unawatia aibu, na wakitiwa aibu watafunga mlango. Miaka mingi tumeufungua mlango huu."

"Mlango uko wazi, bwana, lakini hajatoka mtu."

Akanitazama kwa huruma, akasema nimechoka, akanipa siku mbili za mapumziko. Risiti akanirudishia kwenye bahasha nzuri.

Nakala nimezitoa tano. Risiti yenyewe naificha.

Novemba kikao kitakuwa Beijing. Sijui nani watapangwa.

Ruolan


Baoding, 2 Desemba 2010

Ruolan,

Nimeona sikio lako gazetini.

Picha ni ya meza ndefu yenye maua. Wakubwa wanapeana mikono. Nyuma ya bega la mwenye nywele nyeupe wamemkata mkalimani, limebaki sikio na hereni ya jiwe la kijani ya mama yako, ambayo nilikuwepo siku anainunua.

Kutoka Beijing hadi kwetu ni saa mbili kwa treni. Peiru alipika siku tatu mfululizo. Siku ya nne alikula peke yake mkate wa nyama ya punda uliokuwa wako, akasema, "Labda aliogopa kutuletea balaa."

Lü Jingshu


Brussels, 19 Desemba 2010

Mjomba,

Sikuruhusiwa kutoka hotelini, na hata ningeruhusiwa nisingekuja. Nilikuwa naogopa macho yako. Sasa nakujibu swali lako la Agosti, kwa sentensi yenye mtendaji.

Mimi nililitamka. Mwezi Juni, nikiwa nyuma ya bega la mkuu wetu. Kazi yangu ni kusema kwa Kichina kile alichosema yeye, na ninaposema "mimi" ni yeye, si mimi. Alisema Lu. Nililiona kosa kabla halijanifikia mdomoni. Ilikuwa nafasi ya pumzi moja. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mkalimani hasahihishi. Nikasema Lu. Nikasikia wanafungua faili, na nikajua jibu lao tayari wanalo. Usiku wa siku ile Joris aliniuliza kazi ilikuwaje, nikamwambia ya kujenga.

Sasa Beijing. Walisoma majina baada ya chakula cha mchana, wakati wote wamelegea. Mkuu wetu alisoma la kumi na sita, nikalitamka. Kisha akaruka hadi la kumi na nane, kwa sababu la kumi na saba limetatuliwa. Mimi sikuruka. Nikasema kwa Kichina, kwa sauti ile ile ya kazi: "Namba kumi na saba, Lü Zhiheng, Lü ya midomo miwili, mwalimu wa kemia wa Baoding. Mahabusu ya kaskazini ilipokea koti lake la bluu tarehe kumi na saba Desemba na kutoa risiti yenye mhuri. Risiti tunayo. Namba kumi na nane." Nikaendelea na jina lililofuata.

Upande wetu hakuna aliyeelewa. Walikuwa wanatabasamu. Upande wa pili kalamu zote zilisimama. Mkalimani wao, Fang, nilisoma naye chuoni, ndiye mwenye kazi ya kusahihisha makosa yangu kwa Kiingereza. Alinitazama. Kisha akainama akanywa chai, muda mrefu kuliko kikombe kile kilivyo.

Mkubwa wao akasema, "Tumeandika." Neno hilo moja tu. Nilimtafsiria mkuu wangu, naye akajibu, "Asante." Hakujua anashukuru nini.

Kabla ya chakula cha jioni malalamiko yalifika, kwamba mkalimani wa Ulaya hana usahihi. Mkuu wangu aliniita. "Umeongeza maneno?"

"Nimeongeza jina, bwana."

"Ulitumia sauti yangu."

"Ndiyo. Ilikuwa haina kazi."

Nisingesema hilo la mwisho, lakini nilikuwa nimeshafikia hatua ya kufukuzwa. Sasa natafsiri miongozo ya mashine za kukamulia ng'ombe. Ni kazi safi.

Nimefanya na jambo lingine ambalo sitaki kulieleza. Chini ya vifungo vya Bi Gu utakuta karatasi. Ni orodha yote, majina arobaini na moja, kwa herufi zao, jinsi karani alivyoyachapa.

Mpwa wako, kama bado,
Ruolan


Baoding, 20 Februari 2011

Mpwa wangu Ruolan,

Bado. Amani iwe nyumbani kwenu, na Joris aendelee kuvunja madirisha. Mama yako amekuja tena na mitungi yake. Nimemweleza ulichofanya, akasema ulikuwa mbishi tangu tumboni, kisha akaingia jikoni akakaa huko muda.

Tulimwona Zhiheng tarehe kumi na tisa Januari, dakika ishirini. Watu wawili walikuja kutuchukua kwa gari. Yu hai. Ana nywele nyeupe upande mmoja. Aliuliza kama visima vimefungwa, nikamwambia havijafungwa, askari akatukataza kuzungumzia maji. Peiru alimshika mikono dakika zote ishirini. Kesi itasikilizwa Aprili. Sasa ana mwanasheria na ana jina.

Nisikueleze mengine ili upumzike? Hapana, nitakueleza, maana kati yetu yamefichwa ya kutosha.

Tulipotoka walituingiza kwenye chumba chenye makochi. Mkubwa mmoja, kijana, mwenye adabu, akaniletea karatasi na kalamu nzuri. "Mwalimu Lü," akasema, "tumesikia mwandiko wako ni maarufu. Tungefurahi ukiandika maneno machache ya shukrani kwa namna mwanao anavyotunzwa. Wageni wetu wa Ulaya watapenda kuyaona."

Nikamuuliza, "Nisipoandika?"

"Hakuna tatizo lolote, mwalimu. Ila kumwona tena kunahitaji moyo wa ushirikiano."

Niliandika. Mistari minane, na mwandiko ulikuwa mzuri, Ruolan, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Kikao kijacho barua hiyo itawekwa mezani. Watu wenu wataipokea kwa shukrani, watachora alama yao ya vema, na magazeti yatasema ya kujenga. Nimekuwa muuza samaki wao. Wakikuonyesha barua hiyo popote, ujue nani aliandika na kwa nini, na usinionee huruma.

Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili nikitazama ukuta. Siku ya tatu nikaitoa orodha yako.

Ni takataka. Sina neno jingine. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa wakulima waliokuwa wakijifunza kwa mwanga wa jiko, sijapata kuona kitu kama hiki kutoka kwa watu wenye viti vya ngozi. Kuna "Zhang Wei" bila mji, bila umri. Wako Zhang Wei wa kutosha kujaza kila jela ya nchi hii na kila kikao cha kuijadili. Namba tisa wameandika jina la mtu mwanzo na ukoo mwisho. Namba ishirini na sita ni jina la kijiji, si la mtu. Wale wanaojibu "hayupo" wameandaliwa meza kabisa.

Zhiheng alimpata mpwa wangu nyuma ya bega la mkubwa. Hao arobaini wana mpwa wa nani?

Kwa hiyo nimeanza kuzunguka. Peiru anawajua akina mama wa langoni, na kila mama anamjua mwingine wa lango jingine. Mimi nachukua treni, nakaa na mzazi, namwomba aniandikie jina la mtoto wake lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, alizaliwa wapi, lini. Swali moja tu, dogo, halimtishi mtu. Hakuna sheria inayomkataza mwalimu mstaafu kuuliza tahajia, ingawa Lao Tan amenitahadharisha kwamba wataitafuta.

Jana nilikwenda Xingtai kumwona baba wa namba thelathini na tatu, msichana. Kwenye orodha yenu ni "Wu Xin". Tulikaa kwenye kibanda cha supu. Mzee hajui kusoma. Akasema, "Mwalimu, mimi sijui kuandika, lakini hilo la kwake nalijua, kwa sababu marehemu mama yake alilishona kwenye begi la shule. Nililiona kila siku miaka sita." Akachovya kidole kwenye chai, akaanza kuchora juu ya meza. Polepole, bila mpangilio, chini kwenda juu, kama mtu anayejenga ukuta. Si Xin ya moyo wala Xin ya mpya, nilizokuwa nimezidhania. Ni ile ya dhahabu tatu, moja juu na mbili chini. Mwenye kibanda alikuja na kitambaa kufuta meza. Mzee akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mwanamke, akamwambia, "Subiri, dada. Mwalimu hajamaliza kunakili."

Hilo ni la kumi na mbili. Nakutumia yote kumi na mawili na barua hii. Mtafute aliyekaa kwenye kiti chako, au hata huyo Fang wa upande wa pili. Mwambie simwombi aongeze neno lolote. Asome tu kilichoandikwa, na asome polepole.

Mjomba wako,
Lü Jingshu